Daftari Lisilo Ada

Kwa miaka kumi na moja daftari lilikuwa langu:
kava gumu la buluu, kona zimeliwa na mende.
Ndoo tano, Kadzo. Mitungi miwili, Mbwana Shee wa viazi karai.
Ndoo moja, Bi Nyevu, na mbele ya jina lake
nukta tu, bila shilingi,
nukta tuliyoijua mimi na kalamu.

Kisha akaja Chengo, fundi, na kisanduku
kisichozidi kipande cha sabuni ya mche.
Akakifunga kwa nyaya shingoni mwa bomba,
kingine kwenye pampu,
kingine kwenye friji ya barafu ya jirani yangu Riziki,
kingine juu ya bati, chini ya paneli ya sola.
"Sasa," akasema, akipangusa jasho kwa mkono wa shati,
"vitalipana vyenyewe. Hili ni daftari lisilo ada."

Nikamuuliza, nani amekaa katikati?
Maana mimi nawajua wa katikati.
Pesa ndogo hupita mikononi kama kipande cha barafu:
kila aliyeishika, kiganja chake kimelowa,
na wewe wa mwisho unapokea baridi tu.

"Hakuna wa katikati," akajibu Chengo.
"Kila kinachotaka kuandika mstari wake
kwanza kisome mistari miwili ya wenzake,
kiseme, kweli, nimeona.
Hiyo ndiyo kazi. Hiyo ndiyo nauli."

Mashahidi wawili! Nikacheka.
Kumbe mashine nazo zafunga nikahi.
Bomba laishuhudilia friji,
friji yaishuhudilia pampu na jua la saa nne.
Senti thelathini, senti kumi na mbili,
pesa ambazo hata mtoto wa Mishomoroni hainami kuziokota,
zaenda nzima, zafika nzima,
hapana wa kuzimega.

Siku ya tatu Bi Nyevu alikuja na ndoo yake,
ile yenye kiraka cha lami.
Akagusisha kadi. Bomba kimya.
Zimepungua shilingi mbili.
Akanitazama mimi, si bomba;
miaka yote hii alikuwa akinitazama mimi.
Nami nikalitazama bomba,
nikatamka neno ambalo sijawahi kumtamkia mtu:
"Limekataa."

Hapo ndipo nilipolielewa jina.
Lisilo ada: halikati chochote,
na desturi pia halina.
Halijui kwamba mumewe ndiye aliyeuchimba mtaro huu,
halijui Ramadhani, wala tarehe ishirini na tisa ya mwezi,
halijui nukta.

Usiku sikulala. Joto, mbu,
na taa ya kijani ikipepesa ukutani,
vitu vikisalimiana kwa hesabu.
Nikashika simu, nikaandika shilingi mbili
kwenda kadi ya Bi Nyevu.
Zamani ada ingeizidi sadaka.
Leo, kwa shilingi mbili, ni tajiri.
Lakini simu ikasita: soma mbili kwanza.
Friji ya Riziki, senti nane, saa sita na robo. Kweli.
Pampu, kwa betri, senti ishirini. Kweli.
Nikazishuhudilia, ndipo yangu ikaandikwa,

na kabla ya adhana
kitu fulani, sijui kipi,
mita ya mtu au taa ya njia ya Barsheba,
kikaisoma sadaka yangu, kikasema, nimeona.

Mimi niliyefundishwa kutoa kwa siri.

Asubuhi bomba likamwaga.
Bi Nyevu hakunitazama.
Alilipigapiga bomba kwa kiganja,
kama mtu amshukuruye mbuzi wake wa maziwa,
akajitwika, akaenda.

Daftari la buluu lingalipo, chini ya mkeka.
Nimelifungua leo, ukurasa mpya.
Nimeandika tarehe,
nikatia nukta.